Neno Alilonyongewa Severin

Neasden, London
6 Oktoba 2024

Shikamoo Baba mdogo,

Kabla hujachukua ile kalamu yako nyekundu, naomba usome kwanza mpaka mwisho. Barua yangu ya mwaka jana uliirudisha imesahihishwa, kumi na tatu kwa ishirini, na mimi nina miaka arobaini na sita! Mwingine angenuna. Mimi nimeibandika kwenye friji.

Huku hatujambo. Mwanangu Daisy yuko Manchester chuoni, anaendelea vizuri, anakusalimu sana. Mama mdogo hajambo? Magoti yako je? Ningepiga simu, lakini masikio yako na simu hayapatani tena, na yule jirani anayekushikia simu simwezi. Mara ya mwisho nilisema nimekukumbuka mpaka nalia, nikamsikia anakupigia kelele sikioni, "Anasema hajambo!" Basi bora barua.

Sasa sikiliza. Unajua kazi yangu ni kulea wazee majumbani. Tangu Agosti ejensi imenipanga Stanmore, mwisho wa reli, kwa bibi wa miaka themanini na minane, Mama Jane. Namwogesha, namlisha, namsomea gazeti. Alikulia kwetu enzi za Tanganyika. Baba yake alikuwa Jaji Mkuu, Bwana Douglas Harcombe, na nyumba nzima bado ni ya huyo marehemu: picha yake kubwa kwenye ngazi, wigi lake kwenye kopo la bati, kabati zima la madaftari aliyokuwa anaandika kwa mkono mahakamani. Mtoto wa Mama Jane, Tony, anaandika kitabu kuhusu babu yake huyo, jinsi alivyozijenga mahakama za nchi nzima na kufundisha mahakimu. Anakuja kila Alhamisi, anapiga picha kurasa, anakula keki, anaondoka.

Jumapili nilikuwa nafuta vumbi picha moja ya 1953: Jaji na watumishi wa mahakama mbele ya Boma la Moshi. Mwisho kabisa wa mstari amesimama mtu mwembamba, koti jeupe, mikono nyuma, shingo imelala upande vilevile unavyoilaza wewe. Baba mdogo, ni Babu Elinaja! Nilikaa chini kwenye zulia na kitambaa cha vumbi mkononi. Miaka kumi na minne nipo London, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumkuta ndugu yangu ndani ya nyumba ya mtu.

Najua tu kwamba alikuwa mkalimani. Nisimulie. Na nimwambie Mama Jane mimi ni nani?

Mwanao,
Haika


Machame
20 Novemba 2024

Haika mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa posta wiki tatu kama vile haina mwenyewe. Umepata kumi na tano. Alama tano nimekata kwa "ejensi", neno nisilolijua na nisilotaka kulijua.

Hatujambo. Ng'ombe amezaa jike. Kahawa mwaka huu ni ya kujipikia wenyewe tu. Mama yako mdogo anakusalimu, anauliza kama huko unapata ndizi.

Kuhusu picha: ndiyo, ni baba. Alikuwa mkalimani wa mahakama miaka saba, akaacha mwaka huohuo 1953, akalima kahawa mpaka kufa kwake. Hakuna zaidi. Bibi huyo usimwambie lolote. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Mungu akuweke.
Baba yako mdogo,
Godson


Neasden
5 Januari 2025

Shikamoo Baba mdogo,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi yetu ilikuwa nzuri, tulikula pilau. Daisy anakusalimu. Mwambie Mama mdogo ndizi napata Kingsbury, dukani kwa Chaman, Mhindi aliyezaliwa Moshi. Ananichagulia mwenyewe zile za mtori. Kuna wiki ambazo yeye peke yake ndiye mtu ninayezungumza naye Kiswahili.

Yaliyopita si ndwele, sawa. Lakini mwalimu, darasani si wewe uliyesema anayekimbia swali ndiye anayejua jibu?

Nikueleze kilichotokea. Mwezi uliopita namaliza zamu, navaa koti, nikamwambia Mama Jane kwa Kiswahili, kwa kuwa anapenda kukisikia ingawa maneno yake hayajui, "Haya Mama, tutaonana." Kikombe kikamponyoka. Akaniuliza, "Huyo mwanamke unamjuaje?"

Mwanamke gani tena? Kumbe Jaji alipokuwa anakata roho, mwaka 1971, alirudia neno hilo moja siku mbili nzima. Tutaonana, tutaonana. Mkewe, ambaye Kiswahili hakujifunza, akaamini ni jina. Akaamini mume wake alikuwa na mtu wake Tanganyika aitwaye Tutaonana. Aliishi miaka tisa baada ya hapo na kaburini hakukanyaga. Mama Jane naye amelibeba jina hilo maisha yake yote.

Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia si mwanamke, ni namna yetu ya kuagana. Hakucheka hata kidogo. Alisema, "Basi kwa nini limo kwenye daftari la 1953, limepigiwa mstari mara mbili?"

Na sasa niulize langu, maana nimelikalia miaka kumi na minne. Siku ile ulinisindikiza uwanja wa ndege. Nilikukumbatia nikasema, "Baba mdogo, tutaonana." Ukanipa mgongo, ukaondoka bila neno. Safari nzima nililia nikijiuliza nimekosa nini. Nilikukosea nini?

Haika


Machame
17 Februari 2025

Haika mwanangu,

Marahaba. Leo sisahihishi.

Hukunikosea kitu. Neno hilo baba alilipiga marufuku nyumbani kwetu. Tuliagana kwa "Mungu akuweke", na aliyesahau alichapwa. Wewe ulikulia Dar kwa marehemu kaka, hukuyajua hayo. Uliposema vile, mwili wangu uligeuka wenyewe. Nilipopata akili nikarudi nikuage, ulikuwa umeshaingia mlango wa kioo, na askari hakunipitisha.

Sasa ya 1953. Ng'ambo ya mto, Kibosho, kulikuwa na mtu jina lake Severin. Alikuwa na ugomvi na jirani yake, mmoja akidai kwamba mwenzake ameyahamisha masale, ile mimea tunayopanda kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Jioni moja walikutana kilabuni kwenye mbege. Severin aliondoka kwanza, na mlangoni akamwambia jirani, "Tutaonana." Asubuhi jirani akakutwa kwenye mfereji, kichwa kimepasuka. Labda alipigwa, labda aliteleza na pombe yake. Hakuna aliyeona. Mashahidi hawakuwa na kitu ila neno hilo.

Na unalijua lilivyo. Ukilisema unatabasamu, unaaga. Ukilisema umekunja uso, unamtisha mtu. Baba alilipeleka kwa Kiingereza kama kitisho, kama mtu aliyesema "utanitambua". Aliyekuja Moshi kusikiliza kesi ile alikuwa Jaji Mkuu mwenyewe. Severin alinyongwa kabla ya Krismasi, na baba akaacha kazi.

Mpaka anakufa alisema jambo moja tu: "Jaji hakuniuliza. Angeniuliza kama neno lina maana nyingine, ningemwambia." Mimi nimeishi juu ya maneno hayo.

Severin aliacha binti wa miaka sita, Eufrasia. Ni bibi sasa, anauza ndizi sokoni kwetu Jumatano na Jumamosi. Anajua baba yake alinyongwa kwa neno, hajui neno gani, kwa sababu mama yake alikataa kulitamka na majirani wakamficha. Kila siku ya soko ananishika mkono: "Mwalimu, baba yako alikuwa pale. Baba yangu alisema nini?" Namjibu sijui. Miaka arobaini, Haika! Mtu mzima, mwalimu wa Kiswahili, namdanganya muuza ndizi kuhusu neno la Kiswahili.

Sababu ninayo. Nikimtajia neno, ataniuliza la pili: baba yako hakujua kwamba ni neno la kuagana? Nataka nimwangalie usoni nimwambie, "Hakuulizwa." Lakini nataka niwe na hakika. Tazama daftari hilo. Niandikie jambo moja tu: aliulizwa, au hakuulizwa.

Mungu akuweke.
Godson


Neasden
30 Machi 2025

Shikamoo Baba mdogo,

Barua yako nimeipata, asante kwa kunifungulia moyo. Nimelala nikijua hukunikasirikia, na sijui nikwambie usingizi huo ulikuwaje.

Huku baridi inapungua. Maua ya njano yametoka kila mahali, hata pembeni mwa reli. Kwenye hekalu kubwa la Wahindi hapa Neasden kulikuwa na sherehe, nikasimama nje kutazama watu wanavyopendeza na familia zao. Chaman amefanyiwa upasuaji wa jicho, sasa dukani yuko mkewe, na mkewe Kiswahili hajui, anatabasamu tu. Mama Jane alikuwa na kikohozi lakini kimepungua. Daisy anakusalimu.

Madaftari ni mengi mno, na mwandiko wa Jaji ni nyayo za kuku. Bado natazamatazama.

Umsalimie Mama mdogo na ndama.

Haika


Machame
2 Mei 2025

Haika,

Kurasa mbili: maua, hekalu, jicho la Chaman. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na minane. Mtoto ambaye hajaona jibu huandika, "Sijaona." Anayeandika habari za maua ameliona.

Sema.

Godson


Neasden
25 Mei 2025

Shikamoo Baba mdogo,

Aliulizwa.

Niliuona ukurasa tarehe tisa Machi, kabla sijakuandikia yale maua. Nisamehe. Niliandika barua tatu nikazichana. Mama Jane ameniruhusu kuunakili. Nakutafsiria neno kwa neno, kwa kuwa sasa mkalimani ni mimi.

"Shahidi wa tatu. Mshtakiwa alimwambia marehemu: tutaonana. Mkalimani anasema ni maneno ya kutisha. Namuuliza mkalimani kama neno hili lina maana nyingine. Ananyamaza kidogo. Anajibu: Hapana, Mheshimiwa."

Basi. Limeandikwa hivyo.

Lakini soma na hili, la siku moja kabla, kesi nyingine: "Mkalimani anaongeza maelezo ya kwake. Nimemkemea mbele ya wote. Yeye ni mdomo, si kichwa. Akirudia nitamfukuza."

Na pembeni mwa ukurasa ule wa kwanza kuna wino mwingine, wa miaka mitano baadaye: "Leo tumeondoka nchini. Mpishi ametusindikiza mpaka bandarini. Amenishika mkono, analia, amesema tutaonana." Chini yake hakuna kitu tena. Ni neno lenyewe tu, limepigiwa mistari miwili mpaka karatasi imetoboka.

Kwa hiyo Jaji alijua, Baba mdogo. Alijua tangu 1958 na hakumwandikia mtu yeyote. Alirudi huku akapewa nishani, akatoa mihadhara, akazeeka anasifiwa, na mwisho likamtoka kinywani lenyewe.

Nilimsomea Mama Jane ukurasa wote, halafu nikamwambia mkalimani yule ni babu yangu. Akasema, "Mama yangu alikufa anamchukia mwanamke ambaye hakuwepo." Tukashikana mikono kama watu waliofiwa siku moja. Alhamisi Tony alikuja. Alisema ni kesi moja kati ya mamia, haifai kuharibu jina la mtu mkubwa. Mama Jane akamwambia, ukurasa huo usipoingia kitabuni, hakuna daftari litakalotoka nyumbani humu. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Tony hakula keki.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema, niseme na yangu. Daisy hakusalimu. Hajanipigia tangu Septemba. Tuligombana juu ya jambo dogo, nywele tu, na siku anaondoka pale stesheni ya Euston aliniambia kwa Kiingereza chake, tutaonana, mama. Nilisikia. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Hiyo pilau ya Krismasi nilikula peke yangu, nimekaa kitandani, na simu nimeiweka karibu na sahani.

Haika


Machame
14 Septemba 2025

Haika mwanangu,

Marahaba. Najua umehesabu miezi. Wiki sita nilikuwa hospitali, moyo, na Mama yako mdogo nilimkataza kukuambia. Zilizobaki nilikuwa mzima kabisa. Nilikuwa naogopa.

Barua yako ya Mei nimeipa ishirini kwa ishirini. Umeulizwa ukajibu, jambo lililomshinda baba.

Nilimkasirikia, mwanangu. Kumkasirikia marehemu ni kazi ngumu, hana pa kukujibia. Kisha nikamfikiria amesimama pale na koti lake jeupe, jana ameitwa mdomo mbele ya watu, leo anaulizwa mbele ya watu walewale kama anaijua kazi yake. Akajibu kama mtu anayeijua. Simtetei. Mtu alikufa.

Ijumaa iliyopita nilikata jani la sale, nikalifunga fundo, nikavuka mto kwa mguu. Ilinichukua asubuhi nzima. Unajua desturi yetu: ukiombwa msamaha kwa sale huwezi kukataa. Ndiyo maana nililificha ndani ya koti. Sikutaka kumlazimisha kabla hajasikia.

Nilimkuta Eufrasia uani anapanga ndizi za sokoni. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: neno, swali la Jaji, jibu la baba, na kwamba miaka arobaini nilijua neno nikamwambia sijui.

Akasema, "Tutaonana? Hilo tu?"

Nikamwambia hilo tu.

Akakaa chini kwenye majani. Akasema, "Asubuhi askari walipomchukua, aliinama akanishika kichwa, akaniambia hilohilo. Mimi nikalishika. Nikamngoja. Nimekaa miaka sabini na miwili nikijua baba yangu aliniambia uongo." Akalia, Haika, kilio cha mtoto wa miaka sita. Nami nikalia, mzee wa themanini na minne, nimeshikilia mti wa mparachichi nisianguke.

Baadaye nikatoa sale. Alilipokea, akaliweka kando ya kikapu, hakusema amesamehe wala hajasamehe. Nilipoaga akaniangalia, akasema, "Haya mwalimu. Tutaonana."

Hakutabasamu. Hakukunja uso. Njia nzima nililigeuza hivi na hivi: ananiaga, au ananitisha? Mtoto wa mkalimani, mwalimu wa Kiswahili, nikashindwa kulitafsiri. Jumamosi nilikwenda sokoni bado sijui. Alikuwa ameniwekea kigoda karibu yake.

Mpigie Daisy leo, ukimaliza tu kusoma hapa. Usingoje akuanze. Alikuaga, ukasikia, na jibu unalo wewe.

Na mimi nina jibu lako. Uliniaga uwanja wa ndege, nikakupa mgongo kwa miaka kumi na minne. Moyo huu daktari anausikiliza kila mwezi na haniambii vizuri anachosikia, kwa hiyo sitaki kuchelewa tena. Soma polepole, jirani wa simu hayupo hapa kukutafsiria, na ujue naliandika natabasamu.

Haika mwanangu, tutaonana.

Baba yako mdogo,
Godson